Nguruwe wa kufunikwa kwa mchuzi mzito (soul food): chagua bega, achana na nyama ya mgongo

Mkaangizo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Tangu nitaje kwenye ule uzi wa maharage kwamba Jumapili kwetu ni nguruwe wa kufunikwa, ujumbe wa faragha umekuwa mwingi. Naweka hapa mara moja, mwenye swali aulize mbele ya wengine. Mimi ni mtu wa Kibosho, makazi Atlanta. Mume wangu kwao ni kusini mwa jimbo la Georgia, na mapishi haya nimefundishwa na mama mkwe. Mama hapimi kitu, kwa hiyo vipimo mtakavyoviona humu ni vyangu, nimevikadiria kwa kuutazama mkono wake.

Nianze na kinachonikera. Video nyingi mtandaoni zinaonyesha mtu anachukua nyama ya mgongo, haina mfupa wala mafuta, anaikaanga, anaimwagia mchuzi wa pakiti, dakika ishirini kashaweka mezani. Nyama ile ukiichemsha kwenye mchuzi inakakamaa na kuwa nyuzi tupu. Ndiyo maana wengi wanasema wamejaribu na hawakuona utamu wowote. Mapishi ya kufunika ni ya nyama ngumu: bega, shingo, miguu. Nyama hizo zina utando mweupe katikati ya misuli, na utando ule ukikaa kwenye moto mdogo kwa muda wa kutosha unayeyuka na kuufanya mchuzi unate midomoni. Unga wa ngano unaongeza uzito tu. Utamu unatoka kwenye utando na kwenye ukoko wa kikaango.

Kwa wasiokifahamu, soul food ni chakula cha Wamarekani weusi chenye asili ya majimbo ya kusini, na jina hilo lilivuma miaka ya 1960. Nguruwe wenyewe waliletwa na Wahispania. Hernando de Soto alishuka nao Florida mwaka 1539. Nguruwe anazaa sana, anajitafutia chakula msituni, na nyama yake inakubali chumvi na moshi, basi akawa ndiye nyama ya kusini, kwa weupe na kwa weusi. Watumwa walipata mgao. Frederick Douglass, aliyezaliwa utumwani Maryland, aliandika mwaka 1845 kwamba mgao wa mwezi wa mtu mzima ulikuwa ratili nane za nguruwe, au samaki wa thamani hiyo, na busheli moja (kipimo cha ujazo, kama lita 35) ya unga wa mahindi. Ratili nane ni kama kilo tatu na nusu. Gawanya kwa siku thelathini, unapata gramu 120 hivi kwa siku, kwa mtu aliyekuwa akilima tangu alfajiri. Ndiyo maana mpaka leo kwenye sufuria ya kunde au ya mboga za majani utakuta kipande kimoja cha nguruwe wa moshi kimewekwa kutia ladha, wala hakuna anayekihesabu kuwa ndiyo nyama ya siku.

Mtasikia pia kwamba watumwa walikula mabaki matupu na mabwana wakala nyama nzuri. Ikisemwa hivyo kwa mkato, mimi siikubali yote. Kabla ya friji, nguruwe alichinjwa msimu wa baridi. Mapaja, mabega na mafuta ya mgongo yalitiwa chumvi na kupelekwa kwenye banda la moshi. Utumbo, maini na mifupa ya shingo havikai, kwa hiyo vililiwa siku zile zile na kila aliyekuwepo, bwana na mtumwa. Tofauti kubwa ilikuwa nani ana ufunguo wa banda la moshi miezi iliyofuata.

Haya, jikoni.

Tafuta kilo moja na nusu ya bega lenye mfupa, likatwe vipande vya unene wa sentimita mbili. Mwambie mwenye bucha apige msumeno. Shoka linaacha vipande vya mfupa vya kuvunja meno. Paka chumvi, pilipili manga, unga wa kitunguu saumu, paprika na pilipili ya kuwasha kidogo. Ikilala kwenye friji usiku kucha ni bora zaidi, ila saa moja inatosha. Mlioko Marekani someni lebo kwanza: nyama nyingi za supamaketi zimedungwa maji ya chumvi kiwandani, na lebo inataja asilimia. Nyama hiyo usiiongezee chumvi mpaka mwisho kabisa.

Kausha nyama vizuri kwa karatasi ya jikoni, maana nyama iliyolowa haishiki rangi. Igaragaze kwenye unga wa ngano, kung'uta unga wa ziada. Kikaango kiwe kizito, cha chuma. Weka mafuta ya kina cha nusu sentimita, moto wa wastani, dakika nne hivi kila upande. Hapa hatuivishi, tunatafuta rangi ya kahawia na ukoko. Kaanga kwa mafungu, vipande visibanane.

Toa nyama, punguza mafuta yabaki vijiko vinne vya chakula. Tia vitunguu maji viwili vikubwa vilivyokatwa duara, na uache maji yake yalainishe ukoko huku ukikwangua kwa mwiko. Dakika kumi, usiharakishe. Vikishalegea nyunyizia vijiko vinne vya unga wa ngano na uendelee kukoroga dakika tatu mpaka tano, hadi unga upate rangi ya karanga za kukaanga na harufu ya unga mbichi iishe. Hapa ndipo wengi wanapokosa uvumilivu, halafu mchuzi unakuwa na ladha ya gundi. Ukipenda rangi nzito zaidi endelea kukaanga, ila ujue unga ukishakuwa wa kahawia iliyokolea nguvu yake ya kukaza mchuzi inapungua, kwa hiyo utaongeza kijiko.

Supu ya mifupa au ya kuku, vikombe vitatu, iwe ya moto. Mimina kidogo, koroga, mimina tena. Ukiimwaga yote kwa mpigo utapata mabonge. Mchuzi uonekane mwepesi kuliko unavyoutaka mwishoni. Rudisha nyama pamoja na maji yaliyochuruzika kwenye sahani, funika, shusha moto uwe mdogo kabisa, mchuzi utoe kiputo kimoja kimoja. Bega linataka saa moja na nusu. Geuza mara moja katikati. Uma ukiingia bila kulazimisha, funua, engua mafuta yaliyoelea juu, acha dakika kumi mchuzi ukaze. Onja chumvi sasa. Mama mkwe humalizia na kijiko cha siki, na mimi namfuata.

Kinaliwa na wali mweupe. Wengine mkate wa mahindi. Karibuni kwa maswali.

Mzee_wa_Kachumbari

Binti yangu umeandika vizuri, lakini huku Sinza, Dar, kitimoto (nyama ya nguruwe) ni kavu, ndizi za kuchoma, kachumbari na pilipili pembeni. Huo mchuzi wa unga naona kama uji. Kwa nini usitie nyanya tukaelewana?

Mkaangizo

Shikamoo mzee wangu. Kitimoto kavu siiachi hata mimi, nikija Dar ndiyo safari yangu ya kwanza. Nyanya wapo wanaotia, hasa Louisiana, wanaweka na pilipili hoho na seleri. Ila mchuzi wa kahawia ukitia nyanya, ladha ya ukoko inafunikwa na uchachu, na ile kazi yote ya kukaanga unga inakuwa bure. Kula hivyo mara moja bila nyanya, ukikataa tutajadili.

Mtu_wa_Nyeri

Mimi hapa Kenya bucha ya pork inakupimia kilo imechanganywa, huchagui. Na sina hicho kikaango cha chuma. Niko na sufuria ya kawaida na ile pan ya kutoshika. Nifanye aje?

Mkaangizo

Kaka, iache ile ya kutoshika. Kikaango kisichoshika hakitoi ukoko, na bila ukoko hakuna mchuzi. Chukua sufuria yako nene zaidi, kaangia humo humo. Kama una jiko la makaa, kazi ya kukaanga fanya makaa yakiwa yamewaka, halafu funika wakati yameanza kufifia na kuvaa majivu. Moto huo ni mzuri kuliko wa gesi kwa kazi hii.

Nyama ikiwa imechanganywa, tenganisha nyumbani. Yenye mifupa na utando iingie kwanza, laini iingie dakika ishirini za mwisho.

Mama_Wawili

Mimi napenda ila naogopa. Shemeji yangu aliugua kifafa ukubwani, hospitali wakasema ni minyoo ya nguruwe kichwani. Hiyo nyama unayosema inaliwa na mchuzi wake, si hatari zaidi?

Bwana_Mifugo

Pole sana dada. Naomba nijibu mimi maana ni kazi yangu.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ukila nyama ya nguruwe isiyoiva yenye vifuko vya tegu, vile vinavyoonekana kama punje nyeupe ndani ya msuli, unapata mnyoo tegu tumboni. Vifuko vya kichwani vinavyoleta kifafa vinatokana na kumeza mayai ya tegu, na mayai hayo hutoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye mnyoo. Yanafika mdomoni kwa mikono isiyonawa, maji machafu na mboga mbichi zisizooshwa. Kwa hiyo hata asiyekula nguruwe maisha yake yote anaweza kuugua. Mzee wa Kachumbari anisamehe, lakini kwenye sahani yake kile kachumbari ndicho ningekichunguza kwanza.

Kuhusu nyama, saa moja na nusu ndani ya mchuzi unaochemka taratibu inaua vifuko vyote. Tahadhari ni kwa wanaosoma maelekezo ya Marekani. Tangu 2011 idara yao ya kilimo inaruhusu kipande kizima cha nguruwe kifikie nyuzi 63 za Selsiasi kisha kipumzike dakika tatu, na katikati kinaweza kubaki na uwekundu. Nguruwe wao wanafugwa ndani na kukaguliwa. Nguruwe anayezurura kijijini na kuchinjwa uani usimpikie kwa kipimo hicho. Nunua penye muhuri wa mkaguzi, pika mpaka uwekundu uishe.

Mzee_wa_Kachumbari

Nimekusamehe, lakini umeniharibia Ijumaa.

Binti_Mvita

Assalam aleikum jamaa. Sisi tunapita tu, hatuli. Ila huo mchuzi wa vitunguu na unga umenivutia. Unaweza kufanyika na nyama ya halali, au bila nguruwe unapoteza maana?

Mkaangizo

Waaleikum salaam dada. Unafanyika vizuri sana, na si jambo la kubuni leo. Elijah Muhammad, aliyeongoza Nation of Islam, jumuiya ya Waislamu weusi wa Marekani, kuanzia miaka ya 1930 mpaka alipofariki 1975, aliwakataza wafuasi wake nguruwe kabisa na aliwakosoa weusi wenzake waziwazi kwa chakula hiki cha utumwani. Malcolm X, mfuasi wake aliyevuma sana, aliacha nguruwe akiwa bado gerezani. Kwa hiyo familia nyingi za weusi zina jikoni mbili katika ukoo mmoja: ya bibi yenye nguruwe, na ya mjukuu Mwislamu, au ya mjukuu anayeogopa presha. Anayeshika nafasi ya nguruwe ni bata mzinga. Mabawa yake yanafunikwa kwa mchuzi huu huu, saa mbili, na shingo zake zilizokaushwa kwa moshi ndizo zinazotiwa kwenye majani. Atlanta kila soko unalokwenda unazikuta.

Huko Mombasa ningekushauri ng'ombe, sehemu ya bega au mkia. Mkia upe saa tatu. Supu iwe ya ng'ombe huyo huyo.

Yohana_wa_Sabato

Na sisi Wasabato tunashukuru kwa hilo la bata mzinga. Endeleeni.

Ndugu_Bukavu

Habari zenu wote. Mimi niko Louisville, Kentucky. Majirani yangu weusi wanapika matumbo ya nguruwe wakati wa Noeli, yanauzwa katika ndoo ya barafu dukani. Nyumba inanuka lakini wao wanafurahi sana. Nataka kununua nipikie wageni. Namna gani ya kuyasafisha?

Mkaangizo

Ndugu, hapa niwe mkali kidogo. Utumbo ule ni mtamu ukipikwa na siki, kitunguu na pilipili, lakini kuusafisha ni kazi ya siku nzima na ina hatari yake. Atlanta hii hii, kati ya mwishoni mwa 1988 na mwanzoni mwa 1989, watoto wachanga waliugua kuhara kwa bakteria anayeitwa Yersinia, na uchunguzi ukagundua kuwa nyumba zao zilikuwa zinaandaa utumbo wa sikukuu. Watoto hawakuula. Walishikwa na mikono iliyotoka kuusafisha.

Kwa hiyo yeyushe barafu ndani ya friji, usiache juu ya meza. Chemsha kwanza dakika tano kabla hujaanza kuvua mafuta na uchafu, baadaye safisha kwa maji mengi mpaka yatoke meupe, ndipo upike saa tatu au nne. Anayesafisha asimshike mtoto, asitengeneze chupa ya maziwa. Sinki, ubao na bomba vioshwe kwa dawa. Kuna ndoo zinazoandikwa kuwa utumbo umeshaoshwa. Nunua hizo, ila usafishe tena.

Kama ni mara yako ya kwanza kuwapikia wageni, wapikie mifupa ya shingo. Bei yake ni ndogo na nyama yake ni tamu kuliko bega. Iloweke maji ya chumvi nusu saa, ichemshe, engua povu, kisha ipike na vitunguu saa mbili. Maji yake ndiyo supu ya kutengenezea mchuzi wa unga kama nilivyoeleza juu. Waambie wageni wale polepole, vipo vifupa vidogo.

Ndugu_Bukavu

Asante sana mama. Nitaanza na shingo.

Mtu_wa_Nyeri

Na hizo mboga zao nimeona kwa picha ni kama sukuma wiki yetu. Ni hiyo?

Mkaangizo

Ni ndugu wa karibu kabisa, aina moja ya mmea. Tofauti iko jikoni. Wao hawakaangi. Wanatanguliza mguu wa nguruwe wa moshi kwenye maji, uchemke saa nzima mpaka maji yawe supu, ndipo majani yanaingia na kuiva taratibu kama saa moja, na siki kidogo na pilipili. Maji yake hayamwagwi, yanachovewa mkate wa mahindi.

Mtu_wa_Nyeri

Sukuma saa moja kwa moto? Mama yangu akisikia ataita polisi.

Mkaangizo

Majani yao ni magumu kuliko ya Nyeri, hasa yaliyopigwa na baridi. Ya kwako yape nusu saa, tutaelewana na mama.

Kijiwe_cha_Historia

Naongeza moja kwa wapenda historia, kwa kuwa hapa tunazungumzia nguruwe na mchuzi kana kwamba ni mambo ya tumbo tu. Mgomo wa mabasi wa Montgomery, Alabama, weusi walipokataa kupanda mabasi yaliyowabagua, ulianza Desemba 1955 na kudumu siku 381. Watu walikuwa wanasafirishwa kwa magari binafsi, na magari yanataka petroli. Mpishi mmoja, Georgia Gilmore, alikusanya wanawake wenzake wakapika na kuuza kuku, nguruwe, majani na keki, fedha zikaenda kwenye mgomo. Kikundi wakakiita Club from Nowhere ili akiulizwa mtu fedha zimetoka wapi, ajibu kweli kwamba hazikutoka popote. Gilmore alifukuzwa kazi ya upishi kwa ajili ya harakati zile. Martin Luther King Jr. akamtia moyo apikie nyumbani kwake, na sebule yake ikawa mahali pa kula na pa kukutania viongozi.

Na sio huko tu. Hapo Atlanta kwa mwanzisha uzi kuna Busy Bee Cafe, imefunguliwa 1947, King alikula pale. Harlem, New York, kuna Sylvia's, iliyofunguliwa 1962 na Sylvia Woods, mzaliwa wa South Carolina, mmoja wa watu waliopanda kaskazini na mapishi ya kwao. Wamarekani weusi kama milioni sita walihama kutoka kusini kati ya miaka ya 1910 na 1970. Chicago na Detroit hazikuwa na chakula hiki kwa wingi kabla yao.

Mkaangizo

Umenikumbusha jambo. Babu yake mume wangu alihamia Detroit akarudi. Sababu aliyoitoa ni baridi, ila mama mkwe anasisitiza ni chakula.

Mama_Wawili

Nimerudi. Nimepika Jumamosi, bega kutoka bucha yenye muhuri, sukuma nusu saa, wali. Mume kala kimya kimya mpaka kamaliza. Sasa nilichoweka kwenye friji asubuhi nimekuta mchuzi umeganda kama jeli na juu kuna tabaka jeupe. Nimeharibu?

Mkaangizo

Hujaharibu, mama. Jeli ni ule utando ulioyeyuka, ukipoa unaganda. Ungekuta maji matupu ningekuuliza umenunua nyama gani. Tabaka jeupe ni mafuta: toa mengi kwa kijiko, hifadhi kidogo ukaangie mayai. Mchuzi pasha kwa moto mdogo na maji ya moto nusu kikombe, koroga taratibu mpaka ulegee, kisha uache uchemke vizuri dakika kadhaa kabla ya kupakua. Unakaa kwenye friji siku tatu. Na wali uweke bakuli lake, usiuchanganye humo ndani, utakunywa mchuzi wote.